Kupanga au Kutunga? Uhakiki wa Ujenzi wa Wimbo katika Programu ya FL Studio

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna programu ya FL Studio inavyomwongoza mwanafunzi wa muziki wa kielektroniki kutoka ruwaza moja hadi wimbo kamili. Yanadai kwamba neno "kupanga", ambalo huja kwanza mdomoni hatua hiyo inapoelezwa kwa Kiswahili, linaficha ubunifu uliomo ndani yake. Dhana za ushairi wa Kiswahili, hasa kutunga, kibwagizo na kiishio, zinaieleza kazi hiyo kwa usahihi zaidi.

Utangulizi

FL Studio ilitolewa na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la FruityLoops, ikabadilishwa jina mwaka 2003. Jina la awali lilitangaza msingi wake: kitanzi, yaani kipande cha sauti kinachojirudia. Anayeifungua kwa mara ya kwanza hukutana na safu ya vitufe 16 kwa kila ala. Kila vitufe 4 ni pigo moja. Kitufe kikibonyezwa, sauti husikika mahali pale kila mzunguko unaporudi. Baada ya dakika chache ruwaza imepatikana, nayo inapendeza. Ugumu huanzia hapo. Ruwaza hujirudia yenyewe bila kikomo, kwa hiyo haimlazimishi mtengenezaji kujiuliza itaelekea wapi wala itamalizikaje. Wanafunzi wengi hubaki na vitanzi vingi na wimbo hata mmoja.

Ruwaza na mshororo

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili atavutiwa na idadi ya vitufe. Mshororo wa shairi la kawaida huwa na mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao. Ulinganisho huo unavutia, lakini usikubaliwe kwa haraka. Mizani huhesabu silabi zinazotamkwa. Kimya hakina mizani. Vitufe huhesabu wakati, na kitufe kilichoachwa wazi kina uzito sawa na kilichobonyezwa. Anayejaza vitufe vyote kama anayetimiza mizani hupata kelele. Tofauti ya pili ni kubwa zaidi: mshororo hutungwa ukisubiri mwenzake, kwa kuwa vina vyake hudai kujibiwa. Ruwaza hujijibu yenyewe. Programu imeufanya utoshelevu kuwa rahisi kwenye kipande, ikauacha mgumu kwenye utungo mzima.

Kibwagizo na kiishio

Ruwaza huunganishwa katika dirisha la pleilisti, ambako kila moja huonekana kama kipande kinachowekwa kwenye mstari wa wakati. Kanuni moja ya dirisha hilo inastahili kuchunguzwa. Ruwaza ikiwekwa mahali 10, vipande vyote 10 ni kitu kimoja. Noti ikibadilishwa katika kimoja, inabadilika katika vyote. Anayetaka kipande cha mwisho kitofautiane hana budi kukitenganisha kwanza kiwe ruwaza ya pekee.

Ushairi wa Kiswahili una istilahi za hali hizi mbili. Mshororo wa mwisho unaorudiwa bila kubadilika katika kila ubeti ni kibwagizo. Ule unaobadilika ni kiishio. Mshairi huamua mapema atumie kipi, na uamuzi huo hubeba maana: kibwagizo husisitiza, kiishio husukuma hoja mbele. Programu humpa mwanafunzi kibwagizo bila kumwambia kwamba amekichagua. Kiishio hukipata tu anayekitafuta. Kwa hiyo wimbo wake wote hugeuka kibwagizo kisicho na beti, naye hudhani amekosa kipaji, ilhali alichokosa ni uchaguzi ambao hakuonyeshwa.

Ushahidi wa singeli

Huenda ikapingwa kwamba urudiaji si kasoro, na singeli ikatolewa kuwa mfano. Pingamizi hilo lina uzito. Albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilikusanya kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na ndani yake vitanzi hukimbia kwa kasi kubwa. Katika singeli kasi hupita mapigo 200 kwa dakika. Kwa kasi ya 200, mzunguko wa mapigo 4 huchukua sekunde 1.2, hivyo wimbo wa dakika 3 una mizunguko 150. Kwa kasi ya 120 ungekuwa na mizunguko 90. Hakuna anayeweza kuibadilisha mizunguko 150 mmoja mmoja, wala hakuna haja. Pale anapokuwapo MC, sauti yake ndiyo hubeba mabadiliko, na kitanzi humtumikia. Uzi upo, ila umo nje ya kitanzi. Mwanafunzi anayeiga kasi bila kuutafuta uzi ameiga nusu ya kazi.

Suala la gharama

Hali ya kiuchumi huzidisha tatizo. Toleo la majaribio huruhusu wimbo kutolewa kama faili ya sauti, lakini kazi iliyohifadhiwa haifunguki tena ipasavyo mpaka programu inunuliwe. Asiye na fedha hulazimika kuanza na kumaliza katika kikao kimoja. Ruwaza huweza kupatikana kwa kikao. Muundo wa wimbo huhitaji kusikilizwa tena kesho yake.

Hitimisho

Kiswahili husema mtu hupanga vyombo na viti. Vikishapangwa, hubaki vilivyokuwa. Shanga hutungwa, maua hutungwa, na shairi hutungwa. Ushanga mmoja unaweza kufanana na mwingine kabisa, lakini mkufu hutokana na mfuatano, nafasi na fundo la mwisho. Kazi ya pleilisti ni hiyo. Walimu na waundaji wa istilahi wanaotafsiri miongozo ya programu hizi wanashauriwa kuiita hatua hii kutunga, na kumfundisha mwanafunzi tangu somo la kwanza kuuliza kipi kitakuwa kibwagizo, kipi kiishio, na fundo litafungwa wapi.