Vampyr: Gemu Lililoipa Damu Bei

Mwaka 1918, daktari Jonathan Reid anarudi London kutoka vitani, bingwa wa kuongezea watu damu. Usiku wa kwanza tu anamuua dada yake, Mary, kwa kiu: amegeuzwa mnyonya damu. Ndivyo linavyoanza Vampyr, gemu la studio ya Dontnod ya Paris lililotoka mwaka 2018. Homa ya Kihispania inateketeza jiji, na Reid bado ni daktari.

Magemu mengi yenye maamuzi ya kimaadili humpa mchezaji majibu mawili, jema na baya, achague moja. Dontnod walikwenda mbali zaidi. Kila mkazi ana thamani ya damu inayohesabiwa kwa pointi za uzoefu. Ugonjwa huishusha, tiba huirudisha, na kila siri yake inayofichuka huipandisha. Kwa hiyo dawa ileile inayomponya mgonjwa humnonesha kama mbuzi wa sikukuu, na windo bora kuliko yote ni mtu ambaye mchezaji amekaa naye akajua anamwogopa nani na anaficha nini.

Asiyenyonya raia yeyote hubaki na pointi haba za mapigano, akapambana na maadui waliomzidi ngazi. Wema humgharimu kwelikweli.

Tena hakuna kurudi nyuma, kwani gemu hujihifadhi lenyewe. Pointi hutumika Reid anapolala, na akiamka usiku mwingine umeingia: wagonjwa wamezidiwa, na kifo cha mtu mmoja kimeshawagusa waliomtegemea.

Mfano mzito uko bandarini. Sean Hampton, anayehifadhi maskini wasio na makao, anagundulika kuwa anakula nyama ya maiti. Mchezaji mwenye huruma humwacha aende zake. Baadaye njaa inamshinda, na mtaa mzima unaingia hatarini. Akilazimishwa kunywa damu ya Reid, jambo linaloonekana kama ukatili, mtaa unasalimika. Wapo watakaosema huo ni mtego. Hapana: dalili zilikuwa wazi, na daktari alipaswa kuzisoma.

Kasoro ipo, tena kubwa. Walinzi wa Priwen, wawindaji wa wanyonya damu, huuawa kwa makumi vichochoroni. Hawana majina wala siri, na miisho minne ya hadithi huwahesabu raia walionyonywa tu. Reid anaweza kuacha mitaa imejaa maiti zao na bado gemu likamtangaza kuwa hakumwaga damu ya mtu.