Sauti ya Mtiifu katika Kisa cha Ibrahimu

Kisa cha Ibrahimu kuamriwa kumtoa mwanawe sadaka kimezoeleka mno miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, Wakristo kwa Waislamu, hata ugeni wa amri yenyewe umesahauliwa. Wengi hukifupisha kuwa funzo moja: mja hutii bila kuuliza. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba funzo hilo haliafikiani na usimulizi wenyewe, si katika Mwanzo 22 wala katika Sura ya 37 ya Qurani. Katika matini zote mbili imani ya mtiifu hudhihirika kwa maneno yake, na hayo si maneno ya mtu aliyezima akili na moyo.

Msimulizi wa Mwanzo ni mchache wa maneno. Haelezi Ibrahimu aliwaza nini katika safari ile ya siku tatu. Hutaja punda, kuni, moto na kisu, kisha akanyamaza. Erich Auerbach, katika kitabu chake Mimesis cha mwaka 1946, aliuona ukimya huo kuwa ndio unaokipa kisa kina chake. Rai hiyo ina uzito, lakini haitoshi, kwani Ibrahimu si bubu. Katika mlango wa 18 alimsihi Mungu kwa ajili ya Sodoma, akishusha idadi ya wenye haki kutoka 50 hadi 10. Kwa ajili ya mwanawe hatoi hoja hata moja, bali huitika. Huitika mara tatu, kwa itikio lile lile: kwanza kwa Mungu, pili kwa mwanawe njiani, tatu kwa malaika. Mtoto anapouliza alipo mwanakondoo, baba humjibu kwamba Mungu mwenyewe ndiye atakayemtoa. Yamkini jibu hilo likasomwa kuwa hila ya kumficha mtoto ukweli. Hata hivyo, kabla ya hapo Ibrahimu amekwisha kuwaambia watumishi kwamba wao wawili watarejea. Kauli hizo zikisomwa pamoja, ni za mtu anayeamini kuwa amri asiyoifahamu haiwezi kuitangua ahadi aliyokwisha kupewa.

Qurani yafuata njia nyingine. Amri huja kwa ndoto, na baba hamfichi mwanawe. Humweleza, kisha humtaka rai. Kijana, ambaye hatajwi jina katika aya hizo, humwambia baba atende kama alivyoamriwa, naye atakuwa na subira, Mungu akipenda. Ndipo Kiarabu kinapotumia kitenzi cha uwili: waliojisalimisha ni wawili. Kiswahili hakina umbo hilo. Kiambishi "wa-" hakibainishi kama watendaji ni wawili au kumi, hivyo mfasiri hana budi kuongeza "wote wawili" ili mkazo usipotee. Nyongeza hiyo ndogo imebeba uzito wa kisa kizima, kwa kuwa humtoa mtoto katika hali ya kuwa sadaka tu, ikamfanya mtiifu mwenzi wa babaye. Katika Mwanzo ridhaa ya Isaka haisemwi popote, na mwishoni anayetajwa kurejea kwa watumishi ni Ibrahimu peke yake.

Tafsiri ya kutii bila kuuliza ina hatari yake, maana humpa nguvu kila ajidaiye kuwa msemaji wa Mungu na kudai wengine wampe watoto wao, mali yao au uhai wao. Matini hizi hazimpi idhini hiyo. Aliyeamuru ndiye aliyezuia, na sadaka iliyochinjwa haikuwa mtoto. Zaidi ya hayo, lau utiifu wa Ibrahimu ungalikuwa wa chombo kisicho na hisi, asingaliisikia sauti ya pili. Itikio lake la tatu lilitoka kisu kikiwa mkononi. Sikio lililoipokea amri ngumu lilikuwa bado wazi kuipokea amri ya kuacha, na hilo ndilo kiini cha imani yake.