Kikapu cha Nassau: Kagua Ukili Kabla ya Nakshi

Visiwa vya Bahamas vimo katika Atlantiki, ila meli nyingi za kitalii zinazozunguka Karibiani hufunga gati Nassau. Mwendo mfupi kwa miguu hukufikisha Bay Street, kwenye soko la ususi lililoteketea mwaka 2001 na kufunguliwa katika jengo jipya mwaka 2011. Abiria wana saa chache, meza zimejaa, na bidhaa nyingi zimetoka viwanda vya ng'ambo zikadariziwa jina la Bahamas. Mimi na mume wangu hugawana kazi: yeye hushika kikapu, mimi huzungumza na muuzaji. Wawili wakifanya hivyo, kikapu bora hujitenga haraka.

Miyaa

Wasusi wa huko husifu mti wa jamii ya mitende uitwao silver top, wenye majani ya rangi ya fedha upande wa chini. Jani changa hukatwa kabla halijakunjuka, huanikwa juani, kisha huchanwa. Chane za asili hutofautiana rangi kidogo. Zikifanana zote na kung'aa, shuku. Nusa: pawe na harufu ya majani makavu, si ya vanishi. Bonyeza ubavu wa kikapu: chane nzuri hupinda na kurudi, iliyokauka mno hulia na kupasuka. Maua ya rangi hudariziwa kwa nyuzi za rafia. Hayo ni pambo, yasikupandishie bei.

Ukili na mshono

Aliyekulia Pemba au Tumbatu ataijua kazi hii mara moja: chane husukwa ukili mrefu, na ukili hushonwa kwa kuzungushwa kuanzia kitako. Upana wake usibadilike mpaka pindoni. Chane zikiwa nyembamba, huhitajika nyingi zaidi kwa upana uleule, na hapo ndipo kazi ya msusi huongezeka. Elekeza kikapu kwenye mwanga. Nuru ikipenya kwa mabaka, mkono ulilegea. Kisha tazama ndani, palipoungwa chane mpya: ncha ziwe zimefichwa au kukatwa sawasawa. Kama kina bitana, omba kuona chini yake.

Vuta taratibu mizunguko miwili iliyoshonwa pamoja. Pasiwe na uwazi. Mikono ianzie kitakoni na kupanda ubavuni, kwa kuwa iliyoshikizwa pindoni tu hung'oka kikapu kikijazwa maembe. Mwisho kiweke mezani: kitulie.

Kazi ya Red Bays

Ukibahatika kukuta kikapu cha Red Bays, kijiji cha kaskazini-magharibi mwa Andros, badili vipimo. Wakazi wengi wa huko ni wazao wa Waseminole weusi waliokimbia Florida baada ya Hispania kuikabidhi kwa Marekani mwaka 1821. Wao hukusanya fungu la majani, hulizungusha na kulifunga kwa jani, duru juu ya duru, na kazi iliyobana kweli huweza kushika maji. Chunguza kitovu cha kitako: duru ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, nayo isiache tundu. Vipande vya Androsia, kitambaa cha batiki cha Andros, vikiwa vimesukiwa humo, ni dalili njema.

Maswali na bei

Salimia kabla ya kuuliza bei. Kisha uliza: ukili huu umesukwa kisiwa gani, na nani? Washonaji wengi wa Nassau hupata ukili kutoka visiwa vya mbali kama Long Island na Cat Island, na hilo si kasoro. Mjuzi atakutajia kisiwa, na mara nyingi jina la msusi na la mtindo pia.

Kikapu kikishinda vipimo hivi, lipeni bei iliyotajwa. Punguzo liombeni kwenye mkoba wa kiwandani. Ukili uliobana ukilipwa ipasavyo, binti wa Long Island ataona sababu ya kuketi na mama yake kujifunza kusuka.