Safu Isiyokuwepo Kwenye Ripoti ya Mwanafunzi

Anayesoma fasihi sekondari hufundishwa kuikabili kila kazi kwa maswali yale yale: nani anasema, anamwambia nani, kazi imejengwa kwa muundo gani, lugha yake imeteuliwaje. Maswali hayo tunayauliza kwa riwaya, tamthiliya na mashairi. Hatuyaulizi kwa maandishi yanayoingia karibu kila nyumba yenye mwanafunzi shule zinapofungwa, yaani ripoti ya maendeleo. Nayauliza hapa, kwa sababu naamini fani ya karatasi hiyo inawanyima wazazi na watoto kitu wanachostahili.

Ripoti inayofika hapa Mwazye, katika Wilaya ya Kalambo, haitofautiani sana na inayofika Matai au Sumbawanga mjini. Ni karatasi moja, mara nyingi fotokopi ya fotokopi, mistari imeshaanza kupinda. Juu kuna jina la shule na sanduku la posta, kisha jina la mtoto, darasa na muhula. Linafuata jedwali: somo, alama, daraja, maoni, saini ya mwalimu. Chini yake kuna jumla, wastani na nafasi, halafu orodha ya tabia, maneno ya mwalimu wa darasa na ya mkuu wa shule, tarehe ya kufungua, vitu vya kuja navyo. Mwisho kabisa kuna vitone vya mzazi kutia saini.

Tuanze na nafsi, maana hapo ndipo maandishi haya yanapojifichua. Karatasi inafunguka kwa kumwita mzazi: Ndugu mzazi au mlezi. Ukishuka kwenye maoni ya masomo unakuta “Ongeza bidii”. Anayeambiwa aongeze ni nani? Mtoto, ambaye barua si yake. Mstari unaofuata unasema “Amejitahidi”, na sasa mtoto amerudi kuwa mtu anayesemwa pembeni. Ndani ya karatasi moja msemaji amegeuka mara mbili, na mzazi aliyeitwa kwa heshima pale juu hajaambiwa neno. Anakuja kukumbukwa chini, kwenye tarehe ya kufungua, michango, jembe na fagio. Muundo wenyewe umeamua kuwa yeye ni mtu wa kuleta vitu. Kuhusu kujifunza kwa mwanawe hana analoombwa, wala analoulizwa.

Upana wa safu nao unasema. Safu ya maoni imeachiwa nafasi ya maneno mawili, kwa hiyo mwalimu anaandika maneno mawili. Wengi humlaumu mwalimu kwa kuandika “Vizuri” kutoka somo la kwanza hadi la mwisho. Mimi namlaumu aliyechora jedwali. Mwalimu anayejua kwamba mtoto anajumlisha sehemu zenye asili moja bila tatizo, ila asili zikitofautiana anakwama, atayaandika wapi hayo? Na hayo ndiyo ambayo kaka au shangazi aliyemaliza kidato cha nne angeweza kuyafanyia kazi jioni akiwa nyumbani.

Sasa tazama ilipo sentensi ndefu. Karibu karatasi nzima imejaa maneno mafupi, namba na herufi, isipokuwa pale panapoandikwa “Amekuwa wa … kati ya wanafunzi …”. Hiyo inajieleza, inasimama yenyewe, na ndiyo mzazi anayoikariri kwa jirani. Lakini sentensi hiyo haimhusu mtoto peke yake. Wenzake kumi waliomtangulia wakihama shule, nafasi inapanda na yeye hajajifunza lolote. Darasa zima likiinuka, anaweza kuandikiwa ameshuka ilhali anajua mengi kuliko muhula uliopita. Mwaka 2023, mwezi Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha iliyozoeleka ya shule kumi bora na watahiniwa bora. Baraza liliona hilo linawezekana kwa taifa zima. Darasa moja la kijijini haliwezi kushindwa.

Herufi zinaonekana imara zaidi kuliko nafasi, lakini nazo ni uamuzi wa fani. Kwa viwango vya kidato cha nne vinavyotumika sasa, C ni kuanzia 45 hadi 64, na F ni kuanzia 0 hadi 29. Aliyepata 45 na aliyepata 64 wanavaa herufi moja. Tena mipaka hiyo imewahi kuhamishwa mbele ya macho yetu. Matokeo ya kidato cha nne cha 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwaacha takriban watahiniwa sita katika kila kumi na daraja sifuri. Serikali ikaunda tume, na Mei mwaka huo matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Zikaja B+ na E, ukaja wastani wa pointi badala ya madaraja, kisha mwaka 2016 tukarudi kwenye madaraja. Majibu ya watahiniwa wa 2012 kwenye karatasi zao yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni umbo la kuyasomea. Mzazi anayeshika ripoti yenye D ana haki ya kulijua hilo.

Orodha ya tabia ningependa kuitetea. Bidii, ushirikiano, usafi, heshima, utunzaji wa vifaa: hayo ni mabaki ya fikra kubwa. Mwaka 1967, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba tunamthamini mtu kwa uwezo wa kufaulu mtihani tu, na Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pamoja na mtihani. Tatizo ni kwamba fikra hiyo sasa imewekwa kwenye visanduku vya herufi moja moja. “Ushirikiano: B” haimwambii mtu wa Mwazye kitu chochote, na hapa watu wanajua vizuri ushirikiano ni nini, wanalima na kuvuna mahindi na maharage kwa kusaidiana.

Mwalimu anayeijaza ripoti hii naye amepimwa kwa fomu, na hiyo ilikuwa na fani bora zaidi. Kuanzia 2004 watumishi wa umma walipimwa kwa mfumo wa wazi, OPRAS, au MWAMTUKA kwa Kiswahili, kabla ya Serikali kuhamia mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Katika fomu ya MWAMTUKA alama ziliandikwa katika safu tatu: anayojipa mtumishi, anayompa msimamizi, na waliyokubaliana. Palikuwa na nafasi ya maoni ya mtumishi, hata ya shahidi kama alikuwepo. Najua wengi waliijaza haraka haraka mwisho wa mwaka. Hata hivyo, muundo wake ulikubali kwamba anayepimwa ana neno, na kwamba alama inaweza kujadiliwa na watu wawili waliokaa meza moja.

Mtoto hana safu hiyo, na somo lenyewe halina kabisa. Hakuna mstari wa kusema kwamba mada fulani ilifundishwa kwa wiki moja, au kwamba kitabu kilikuwa kimoja kwa dawati zima. Ripoti inahesabu kushindwa kote kuwa ni kwa mtoto.

Najua mwalimu mwenye darasa la watoto sitini au zaidi atasema hana muda wa kuandika aya sitini, na ni kweli. Ndiyo maana safu ya kwanza aijaze mwanafunzi mwenyewe, darasani, kwa mkono wake: nilichoweza muhula huu, nilipokwama, kilichonikwamisha. Mwalimu asome, aongeze au asahihishe kwa mstari mmoja. Nafasi ya darasa iondolewe, na pale ilipokuwa pawekwe mistari miwili ya mzazi. Huyu ndiye anayejua kwamba binti alikosa shule wakati wa palizi, au kwamba binti huyo ndiye anayepiga hesabu za maharage gulioni na hakosei. Mwalimu wa Hisabati akiisoma mistari hiyo shule zikifunguliwa, ataanza muhula na swali la kumuuliza mtoto huyo.