Chokaa Haitaki Haraka

Kijiji cha Mbingu, katika bonde la Kilombero, kiko mbali na bahari, na mtu anaweza kuuliza: mkazi wa chini ya milima ya Udzungwa ana neno gani la kusema kuhusu nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Pangani au Lamu? Analo. Bonde la Kilombero nalo lina nyumba yake ya kale: miti iliyosimikwa, fito zilizofungwa kwa kamba za magome, udongo uliokandikwa kwa mikono, na paa la nyasi lililoshushwa chini ili likinge ukuta. Nyumba ile haikumdanganya mwenyewe hata siku moja. Masika yalimega ukuta kidogo, na kiangazi kilipofika wenye nyumba walichimba udongo, wakaukanyaga, wakaziba palipomegeka. Hakuna aliyeiita kazi hiyo ukarabati. Ilikuwa ni sehemu ya kuishi ndani ya nyumba, sawa na kufagia uwanja. Kwa hilo nyumba ya udongo ya bondeni na nyumba ya chokaa ya pwani ni ndugu, kwa kuwa zote zilijengwa na watu waliojua kwamba nyumba haimalizwi kujengwa. Na zote mbili zinatutoka kwa sababu moja. Tumeamini kwamba ipo nyenzo itakayotupumzisha na kazi ya kuitunza nyumba, na nyenzo hiyo tukaiita saruji.

Ufundi wa pwani ulianza na moto. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakaiva, kisha yakamwagiwa maji. Yalichemka yenyewe, yakavunjika, yakawa unga mweupe ulioachwa ulale, na kadiri chokaa ilivyolala ndivyo mafundi walivyoiamini. Chokaa hiyo ilichanganywa na mchanga na udongo mwekundu, ikashika mawe katika kuta zenye unene wa nusu mita au zaidi. Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko, nyingi zikitoka katika delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, na urefu wa boriti ndio uliokata shauri la upana wa chumba. Anayeshangaa kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba hana haja ya kutafuta falsafa. Mkoko haukutoa mti mrefu zaidi ulionyooka. Juu ya boriti yalipangwa mawe, na juu ya mawe ikamwagwa chokaa yenye kokoto. Hapo sasa ndipo palipokuwa na kazi ninayoiona bora kuliko zote: kuipigapiga dari. Watu wengi walisimama kwa safu, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakaipiga chokaa ile siku baada ya siku, wakifuata mapigo ya wimbo. Wimbo haukuwa pambo. Anayepiga peke yake huchoka na kupiga ovyo, anayepiga kwa wimbo hupiga sawasawa na jirani yake, na dari isiyopigwa sawasawa huvuja. Kwa hiyo sauti za watu zilikuwa miongoni mwa vifaa vya ujenzi, na sijui ni kitabu gani cha makadirio ya gharama kinachoweza kuziandika.

Sasa tazama anachofanya mrithi wa leo akiona ukuta wa babu yake unamwaga unga. Humwita fundi wa karibu, fundi hubandua chokaa na kupiga lipu ya saruji, na kwa mwaka mmoja au miwili ukuta hung'aa kama mpya. Tatizo ni kwamba ukuta wa matumbawe hupumua. Maji huupanda kutoka ardhini, chumvi ya bahari imo ndani yake tangu siku ya kwanza, na chokaa, kwa kuwa ni laini na ina vitundu, huuachia unyevu utoke taratibu. Lipu ya saruji huufungia unyevu ndani. Chumvi huganda chembechembe nyuma yake na kulisaga jiwe kuwa mchanga, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza bila mtu kuviona. Lipu ikija kubanduka, hubanduka na jiwe lake. Fundi mwingine huja, hutia zege na nondo. Nondo nazo, katika hewa ya chumvi, hushika kutu, hutanuka, hupasua zege lililozifunika. Tunapenda kuambiana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakutuambia ufa uzibwe na nini. Huenda waliona haina haja, kwa sababu enzi zao ufa wa chokaa ulizibwa kwa chokaa.

Mtu asiseme kwamba serikali hazikuliona jambo hili. Zanzibar iliunda mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985, sheria na mpango mkuu wa uhifadhi vikafuata mwaka 1994, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Lamu ikafuata mwaka 2001. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Kama jumba mashuhuri kuliko yote kisiwani limeweza kuanguka mchana, mbele ya macho ya dunia, nani atalia kwa nyumba ya kawaida ya mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, ambayo dari yake inaanguka usiku mmoja wa masika? Nyumba ya namna hiyo ina warithi kumi na tano, wengine Muscat, wengine Dar es Salaam, wengine Uingereza. Kila mmoja ana fungu lake la mirathi, na hakuna mwenye fungu la kupanda juu ya dari kutazama panapovuja. Kabla ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zilikuwa na mtu mzima aliyekaa humo na kuujua kila ufa. Baadaye nyingi zilichukuliwa na serikali, zikagawiwa wapangaji wa kodi ndogo, na mpangaji hawezi kulaumiwa kwa kutoupaka chokaa ukuta usio wake. Sheria inaweza kumzuia mtu asibomoe. Haiwezi kumfanya ashike ndoo.

Mwalimu Nyerere aliuona mapema ugonjwa huu wa kuitegemea saruji. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kuzalisha mwaka 1966, na miaka kumi na moja baadaye, alipoyapima matunda ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba Watanzania wamelewa saruji na bati, na akauita ulevi huo aina ya kupooza kwa fikra. Alitaka watu wachome tofali na vigae vyao wenyewe. Bonde la Kilombero lilimsikia nusu: tofali tunachoma, tena kwa matanuru yanayomeza magogo bila huruma, lakini juu ya tofali hizo tunaweka bati lilelile. Nyumba ya namna hiyo ina joto mchana kama tanuru lililoizaa. Wala siwalaumu sana watu wa bondeni. Bati halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na nyasi nzuri za kuezekea hazipatikani tena kirahisi karibu na vijiji vilivyozungukwa na mashamba ya mpunga na miwa. Ninachosema ni kwamba tulipoacha kukandika hatukuacha udongo tu. Tuliacha ile siku ya kiangazi ambayo ukoo mzima ulikusanyika kuitazama nyumba yake.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni ya fedha na muda, nayo ina uzito. Chokaa hukauka polepole, huhitaji tabaka juu ya tabaka, na mwashi anayeijua sasa ni adimu, kwa hiyo ni ghali. Saruji inauzwa kila kona, na fundi humaliza Jumamosi. Lakini hesabu hiyo imepigwa kwa mwaka mmoja. Anayepiga lipu ya saruji juu ya matumbawe atalipa tena lipu itakapobanduka, na mara ya tatu atalipia ukuta. Tena uadimu wa mwashi ni matokeo ya uamuzi wetu wenyewe: tumeacha kumwita, mwanawe akaona hakuna riziki humo, akaenda kuendesha bodaboda. Kule Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyotiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 yalitolewa humo mwaka 2014, baada ya miaka ya kuyaimarisha. Panapokuwa na kazi, mikono hupatikana. Na nisieleweke vibaya: anayejenga nyumba mpya kwa saruji hana kosa. Kosa ni kuipa nyumba ya zamani dawa ya nyumba nyingine.

Hoja ya pili inaniumiza zaidi. Chokaa hula mawe ya matumbawe na kuni, boriti hula mikoko, na mikoko ndiyo mazalia ya samaki na ngao ya ufukwe. Kenya ilipiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Ni kweli, na ambaye angetaka kujenga Mji Mkongwe mwingine leo kwa njia ile angestahili kuzuiwa. Lakini kukarabati si kujenga. Mawe ya ukuta ulioanguka yapo palepale yakisubiri kurudishwa, na chokaa huweza kuchomwa kwa mawe yaliyo nchi kavu bila kugusa mwamba ulio hai baharini. Kuhusu boriti, Kilombero ina jibu. Msaji, mti ambao zamani uliletwa kwa majahazi kutoka India kwa ajili ya milango ya pwani, umepandwa kwa wingi katika bonde hili tangu miaka ya 1990. Shamba la misaji hupunguzwa kila baada ya muda ili miti iliyobaki inenepe. Si kila mti unaopunguzwa unafaa, kwa kuwa mti mchanga bado hauna kiini cha kumshinda mchwa, lakini uliokomaa unafaa, na kutoka huku hadi Dar es Salaam iko reli ya TAZARA. Tunazungumzia umbali mfupi kuliko ule wa kutoka Malabar, India.

Wapo wanaosema kwamba watalii wameshaziokoa nyumba hizi, kwani zimegeuzwa hoteli na kuta zake zinapendeza. Kuta zimeokoka, nakubali, na bora hoteli kuliko kifusi. Lakini barazani pake hapakai mzee wa mtaa, na mtoto wa ukoo akitaka kuliona daka la ukutani ambamo bibi yake aliweka vyombo vyake, hana budi kulipa chumba. Hiyo si nyumba iliyokarabatiwa. Ni nyumba iliyouzwa vizuri.

Basi, wenye nyumba za urithi, mlioko Malindi, Pangani, Lamu na hata Muscat: msinunue mfuko wa kwanza wa saruji kabla ya kukutana, hata kwa simu, na kumteua mmoja wenu awe mwangalizi wa nyumba. Mtafuteni mwashi mzee aliyebaki mtaani kwenu, mlipeni stahili yake, na kijana wenu mmoja awe msaidizi wake tangu siku ya kuzimua chokaa mpaka siku ya kuipaka. Na vyuo vya ufundi vinavyomfundisha kijana kusuka nondo vimpe pia muhula mmoja wa chokaa, angali yupo wa kumfundisha.