“Na” au “Kwa”? Uhakiki wa Istilahi za Uhalifu wa Akili Unde

Istilahi ya sheria yapasa kupimwa kwa uangalifu kuliko nyingine, kwani hatimaye humtia mtu gerezani au humwachia huru. Uhakiki huu unahusu fungu la maneno linalozidi kuenea: “uhalifu unaofanywa na akili unde”, ambayo wengine huiita akili mnemba au akili bandia.

Kasoro ya fungu hili imo katika neno dogo “na”. Katika kauli ya kutendwa, Kiswahili hutenga mtenda na kifaa: mtu hujeruhiwa na jirani, kwa panga. Yawezekana kupinga kwamba twasema pia “amegongwa na gari”. Ni kweli, lakini polisi hawaishii hapo, humtafuta dereva. Mazungumzo huruhusu ufupisho ambao hati ya mashtaka haiwezi kuuvumilia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa kahawa wilayani Mbinga anapigiwa simu na kusikia sauti ya katibu wa chama chake cha msingi, akitakiwa atume fedha upesi. Ujumbe wa “ile hela tuma kwa namba hii” wananchi wameuzoea. Safari hii sauti yenyewe imeigizwa kwa programu. Tukiandika kwamba ametapeliwa na akili unde, tumemfuta tapeli katika sentensi. Tukiandika kwamba ametapeliwa kwa akili unde, swali linabaki wazi: na nani? Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay aliyeibiwa nyavu usiku haushtaki mtumbwi uliomleta mwizi.

Sheria nayo yaunga mkono sarufi. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, hulipanua neno “mtu” hata likaingiza kampuni. Programu si binadamu wala si kampuni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilitungwa bila kuitaja akili unde, lakini udanganyifu kwa kutumia kompyuta umo ndani yake, na anayeadhibiwa ni mtu.

Ugumu halisi huja pale programu inapoleta madhara ambayo hakuna aliyeyakusudia. Hapo waandishi wengi hulitumia neno “uwajibikaji” kwa kila jambo, nalo linakosa mpaka. Tunapendekeza hivi:

(a) Hatia: ya mtu aliyetenda kosa la jinai, kwa nia au kwa uzembe unaotajwa na sheria.
(b) Dhima: mzigo wa kufidia hasara, ambao waweza kumwangukia muundaji, muuzaji au mtumiaji hata asipokuwa na nia mbaya.
(c) Uwajibikaji: wajibu wa kutoa maelezo ya jinsi programu ilivyoundwa na ilivyotumiwa.

Kwa sababu hiyo hiyo “akili unde” yafaa kuliko “akili bandia”. “Bandia” hudokeza ughushi, kama katika noti bandia, na kukitia kifaa doa kabla ya kosa. “Unde”, kutokana na kuunda, hukumbusha kwamba yuko aliyeunda.

Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo kihusishi kilichowekwa ovyo si kosa la sarufi tu. Chaweza kuwa mlango wa mhalifu kutorokea. Basi tuandike: uhalifu unaofanywa na mtu kwa akili unde.