Kihisi makini, jibu potofu

Fungua tangazo lolote la vihisi vya kupimia urefu. Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa ni ya udogo: mikroni 0.1, au hata nanomita kadhaa. Inavutia, kweli. Ila namba hiyo inakwambia tofauti ndogo kiasi gani kifaa kinaweza kuiona. Haikwambii kama jibu lake ni sahihi. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya ni ghali.

Chukua darubini ya Hubble. Kioo chake kikuu, kipenyo mita 2.4, kilisuguliwa na kampuni ya Perkin-Elmer kule Danbury, Marekani, kikikaguliwa kwa kifaa maalumu cha lenzi na vioo. Lenzi ya kifaa hicho ilipangwa mahali pake kwa fimbo ya kipimo: mwanga urudi kutoka ncha ya fimbo, umbali usomwe. Lakini mwanga ulirudi kutoka kwenye kifuniko cha ncha hiyo, pale rangi yake ilipochubuka. Lenzi ikakosea nafasi yake kwa milimita 1.3.

Umeona hapo? Umbali ulipimwa kwa umakini mkubwa, ila ulikuwa umbali wa kitu kingine. Lenzi ilipogoma kufika, mafundi wakaongeza washa. Kioo kikasuguliwa vizuri sana kwa umbo lisilo lake, ukingo ukawa bapa kupita kiasi kwa mikroni 2.2 hivi. Darubini ikarushwa Aprili 1990, picha zikaja na ukungu, na marekebisho yakasubiri hadi Desemba 1993.

Kisa hiki husimuliwa kama uzembe wa mafundi na washa zao. Mimi naona lawama imekwenda pasipo pake. Vifaa vingine viwili vilionyesha dalili za kasoro, vikapuuzwa kwa hoja kwamba usahihi wao ni mdogo. Sawa, ulikuwa mdogo, lakini kosa lenyewe lilikuwa kubwa kiasi cha kuonekana hata navyo!

Ndiyo maana ya ugezi: kukilinganisha kifaa chako na kipimo kingine kinachojitegemea. Kifaa kinachojithibitisha chenyewe bado hakijathibitishwa. Kwa hiyo ukinunua kihisi, usiishie kwenye mikroni za tangazo. Uliza kiligezwa kwa kipimo gani, lini, na kinaweza kukosea kwa kiasi gani. Na vipimo viwili vikigombana maabara, usikitupe kile cha bei nafuu kabla hujajua kwa nini vinagombana.